Punda wa Amu na Masharti ya Kazi

Msafiri aendaye Amu, kwa jina rasmi Lamu, kwa nchi kavu huliacha gari Mokowe. Hapo lami hukoma na bahari huanza, na kila kilichopakiwa Mombasa au Malindi hushushwa kwenye lori na kuingizwa mashuani: saruji, unga, soda, magodoro, nondo, mitungi ya gesi. Mashua huvuka mkono wa bahari hadi gati la mjini, na gatini mzigo hupata mbebaji wa tatu. Huyo ni punda. Husimama kando ya maji, kichwa chini, akingoja kutandikwa, wala wageni wanaompiga picha hawamshughulishi. Vitabu vya kuwaongoza watalii humtaja sambamba na milango ya nakshi na machweo, kama pambo la mji. Nadhani hapo ndipo tunapoanza kumwona vibaya. Mlango wa nakshi ukiondolewa, nyumba hubaki. Punda wakiondolewa Amu kwa wiki moja tu, ujenzi utasimama, vifusi vitarundikana, na bei ya mchele katika maduka ya mtaa wa Langoni itapanda.

Sababu iko kwenye mji wenyewe. UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa kuwa miongoni mwa miji ya Waswahili wa Afrika Mashariki ndio uliohifadhi umbo lake vizuri zaidi, na watu wangali wakiishi humo. Umbo hilo ni la vichochoro. Hata Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na ufuo, ina sehemu ambapo punda mwenye shehena akija, mtu hujibanza ukutani au huingia kwenye daka la nyumba ampishe. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zikasogeleana ili kivuli cha moja kiikinge nyingine na jua. Mji uliopimwa kwa mwili wa mtu na wa punda hauwezi kupimwa upya kwa gari bila kubomolewa. Ndiyo maana hapa, kinyume cha Nairobi au Dar es Salaam, uhusiano wa watu na wanyama haujafichwa nyuma ya ukuta wa machinjio wala uzio wa hifadhi. Uko njiani, saa zote, na una harufu yake. Nami kila nikizipita kuta hizo hulifikiria jambo moja: mawe yamewekewa sheria, mtu haruhusiwi kuyabomoa ovyo, lakini mnyama aliyeyabeba mawe hayo mgongoni hana kanuni yoyote inayoeleweka ya kumlinda.

Hoja ninayotaka kuitetea katika makala haya ni kwamba mnyama anayetufanyia kazi hahitaji tuanze kwa kumwonea huruma. Anahitaji masharti ya kazi: kikomo cha mzigo, mapumziko, chakula, tiba, na matunzo ya uzeeni, yaliyoandikwa na kusimamiwa kama yanavyosimamiwa masharti ya kazi nyingine zote. Huruma hutegemea mtu na siku alivyoamka. Masharti humfunga hata asiye na huruma, na humlinda hata mnyama asiyependeza machoni. Historia ya punda, ya Amu na ya kwingineko, inaonyesha kwamba mahali kazi yake ilipohesabiwa alipona, na mahali ilipoacha kuhesabiwa alikwisha.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Punda hutandikwa gunia lililokunjwa, juu yake shogi, lile kapu refu la ukindu lenye mifuko miwili inayoning'inia ubavuni, ambalo siku hizi aghalabu hushonwa kwa viroba vya plastiki. Mchanga hujazwa kwa koleo, mawe hupangwa, mifuko ya saruji hulazwa mgongoni. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200, kwa hiyo mifuko miwili ni zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe, na kwa punda mdogo huzidi hata hapo, juu ya uti wa mgongo usioumbwa kubeba kitu kigumu chenye pembe. Mwenye kujenga hulipa kwa safari au kwa mfuko. Mchunga punda, ambaye huenda ni kijana aliyekodi mnyama wa mtu mwingine, hupata faida kubwa zaidi akizipunguza safari na kuuongeza mzigo. Hakuna ukatili wa makusudi hapo. Kuna hesabu. Kidonda cha mgongoni kimeandikwa ndani ya bei ya kusafirisha mfuko mmoja kabla fimbo haijainuliwa. Na punda hasaidii kujitetea, kwa sababu ni mnyama afichaye maumivu. Asili yake ni jangwani, ambako mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayewindwa kwanza, hivyo huendelea kutembea akiwa na donda ambalo lingemfanya farasi agome. Watu hulitazama hilo wakasema punda ana roho ngumu. Tuna hata methali inayomlaumu kwamba fadhila zake ni mateke, kana kwamba tuliwahi kumpa kitu cha kushukuru.

Jioni hufunguliwa, naye hujiendea. Wageni huupenda mno uhuru huu: punda wanaorandaranda usiku, wanaojua njia ya kurudi kwa mwenyewe asubuhi. Ni kweli wanajua njia. Lakini wengi hurandaranda kwa kuwa hakuna aliyewawekea majani wala pumba, na mjini kinacholika kiko jalalani, kimechanganyika na mifuko ya plastiki inayoziba matumbo na kuua polepole. Ajira ya binadamu ikiwa hivyo, yaani mtu abebe saruji kutwa kisha ajitafutie mabaki, tungekuwa na jina la kuiita.

Huruma nayo imejaribiwa Amu, na imefanya mengi. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo cha kuwatibu punda kwenye barabara ya ufuoni. Wanyama hutibiwa humo bila malipo, hupewa dawa za minyoo, husafishwa vidonda, na wenye punda hufundishwa kutandika vizuri. Wakati wa Maulidi, mji unapojaa watu waliokuja kwenye Msikiti wa Riyadha, hufanywa pia mashindano ya mbio za punda, na kijana anayeshinda huwa na jina mtaani mwaka mzima. Sina la kuipunguzia kazi ya kituo hicho. Bila yake vidonda vingeoza. Ninachosema ni kwamba tiba huja baada ya jeraha, na jeraha hutokana na mzigo, na mzigo hutokana na malipo ambayo hakuna mganga anayeweza kuyabadilisha. Punda aliyetibiwa Jumatatu hurudi kwenye saruji ileile wiki inayofuata. Zaidi ya hayo, huruma inayotoka ng'ambo hutegemea michango ya ng'ambo. Siku wafadhili wakimhamishia mnyama mwingine mapenzi yao, punda wa Amu hana dai lolote la kuwasilisha popote.

Wapo watakaosema kwamba habari za haki za mnyama wa kazi ni fikra za Wazungu, na kwamba mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa namna ya kuishi na punda wake. Sehemu ya pili nakubaliana nayo. Ya kwanza si kweli. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu yale yale ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha katika kazi yake ya fiqhi haki za wanyama juu ya binadamu. Mwenye mnyama, aliandika, analazimika kumgharimia hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na manufaa tena. Asimbebeshe asichokiweza. Asimweke pamoja na kitakachomdhuru. Nyuma yake kuna hadithi zinazokataza kumchoma punda alama usoni, na zinazokataza kuigeuza migongo ya wanyama kuwa viti vya kukalia na kuongea. Angalia jinsi mambo haya yalivyo ya kikazi. Hakuna humo wito wa kumpenda mnyama. Kuna kikomo cha mzigo, muda wa kupumzika na malipo ya uzeeni. Miaka zaidi ya 700 kabla ya shirika lolote la hisani kufika Amu, masharti yalikuwa yameandikwa, tena kwa lugha inayosomwa madrasa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasimamia gatini.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka upande mwingine kabisa. Mtu anayempenda mnyama huuliza: kwa nini tumwekee punda masharti badala ya kumwondoa kazini? Pikipiki zimekwisha kuingia kisiwani, zinabeba watu na mizigo kwenye njia za nyuma na kuelekea kijiji cha Shela. Bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET, ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021, na lami imefika Mokowe. Kwa nini tusiziachie mashine kazi, punda apumzike? Swali ni la haki, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliona jibu lake liko wazi. Lakini jibu lisitafutwe kwenye nia zetu. Litafutwe kwenye nchi zilizokwisha kufanya hivyo. Ufaransa ilikuwa na punda mkubwa mwenye manyoya marefu, punda wa Poitou, aliyefugwa ili azalishe nyumbu wa mashambani na wa jeshi. Trekta na lori zilipofika, soko la nyumbu likafa. Walipohesabiwa mwaka 1977 walikutwa 44 tu, na waliosalia waliokolewa kwa jitihada maalumu za wafugaji. China ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wao wa kulima na kuvuta mikokoteni. Baada ya miongo mitatu ya mashine hawakufika milioni 3. Hao waliopungua hawakupelekwa malishoni. Punda wa kufugwa akitoka kazini haingii kwenye uhuru, kwa sababu hakuna mtu maskini anayeweza kulisha mnyama asiyemletea chochote. Huingia kwenye mizani.

Na mizani hiyo ilitufikia sisi. China ina dawa ya kale iitwayo ejiao, gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda, ambayo hutumiwa kwa magonjwa ya damu na siku hizi hata kwenye vipodozi na vitafunio. Kadiri watu walivyopata fedha, dawa iliyokuwa ya wachache ikawa ya mamilioni, wakati punda wa kwao wamekwisha. Wanunuzi wakageukia Afrika. Mtu akitoka Nakuru kuelekea Marigat hupita Mogotio, mji mdogo karibu na mstari wa ikweta, na hapo mwaka 2016 lilianza kazi chinjio la kwanza kati ya manne ya punda yaliyopewa leseni Kenya. Mengine yalikuwa Naivasha, Machakos na Turkana. Hakuna kitu cha ajabu cha kuona Mogotio. Ni kavu, ni joto, mbuzi wako kila mahali. Lakini hesabu ya yaliyotokea ni ya kutisha. Utafiti wa taasisi ya serikali ya kilimo na mifugo, KALRO, uliotolewa mwaka 2019, uliona kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000, karibu asilimia 15 ya punda wote wa nchi, na ukaonya kwamba kwa mwendo ule Kenya ingeweza kubaki bila punda kufikia 2023. Sensa ya 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2.

Mwenye kuamini soko atanikatiza hapa. Bei ikipanda, atasema, watu watafuga zaidi, kama wanavyofuga kuku na nguruwe. Kilichowaponza punda ni kutothaminiwa, na ngozi imewapa thamani. Hoja hii ingekuwa nzuri kama punda angekuwa kuku. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hupita miaka kabla ya kuweza kubeba mzigo au kuzaa. Anayefuga ili achinje angengoja miaka mitatu kwa ngozi moja. Mfanyabiashara hangoji, hununua aliyekwisha kukuzwa na mtu mwingine, na asipouziwa huna budi kuogopa usiku. Kajiado, Narok na Naivasha watu waliamka asubuhi wakakuta vichwa na kwato vichakani, ngozi imekwisha kwenda. Bei ya punda ilipanda mara mbili na zaidi, kiasi kwamba aliyeibiwa hakuweza kumnunua mwingine. Kwa hiyo soko halikumthamini punda. Liliithamini ngozi yake, na vitu hivi viwili haviwezi kuuzwa pamoja: ili upate kimoja lazima ukiue kingine.

Inafaa kukumbuka ni nani aliyeisimamisha biashara hii, maana hapo ndipo hoja yangu inapata ushahidi wake mkubwa. Picha za machinjio zilisambazwa duniani na wapenda wanyama, nazo zilisaidia. Lakini waliomfanya waziri wa kilimo, Peter Munya, atangaze marufuku mwezi Februari 2020 walikuwa wenye punda walioandamana Nairobi, watu wa mikokoteni na wauza maji, waliokuja kusema kwamba wameporwa chombo cha kazi. Katika jamii ya Wamaasai punda ni mali ya wanawake kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa maji ni kazi yao. Madumu manne ya lita 20 ni mzigo wa kawaida wa punda mmoja. Mwanamke asiye na punda hubeba dumu moja mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, na hurudi tena kisimani mara tatu kupata kile kilekile. Msichana humfuata mama yake, na shule husubiri. Aliyechinjiwa punda wake hakupoteza rafiki wa moyoni tu. Alipoteza saa za maisha yake. Malalamiko yalisikika kwa sababu yalizungumzia kazi. Marufuku yenyewe haikukaa: Mei 2021 Mahakama Kuu, baada ya kuombwa na wenye chinjio moja, iliifuta, ikaonekana wazi jinsi tamko la waziri lilivyo jepesi pasipo sheria chini yake. Biashara ilizuiwa upya kutoka juu zaidi. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam wakapendekeza zuio la bara zima, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, waliafiki kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Je, mtu hana haki ya kuuza mali yake? Mfugaji wa Baringo mwenye punda watano na ada ya shule ya kulipa amekoseshwa soko kwa ajili ya nani? Lawama hii siikwepi. Zuio linamgharimu, na serikali zilizoshangilia Addis Ababa hazikumletea chochote badala yake. Lakini haki ya kuuza haijawahi kuwa bila mipaka pale kitu kinachouzwa kinapowabeba wengi. Hatumruhusu mtu kuuza kisima cha kijiji kwa sababu kimo shambani mwake. Punda watano wa Baringo wakiondoka, bei ya kukodi wa jirani hupanda, na mama asiye na punda kabisa, ambaye hakuuza kitu wala hakulipwa kitu, ndiye anayelipa.

Kuna sauti nyingine, ya uchovu zaidi, inayouliza kwa nini tujadili punda wakati wapo watu wanaobeba saruji hiyo hiyo kwa ujira mdogo, bila bima wala pumziko. Jibu lake limo ndani ya historia yetu, na ni chungu. Sehemu kubwa ya bara la Afrika Mashariki ilikuwa na mbung'o, wanaoua farasi, nyumbu, ng'ombe na punda kwa ugonjwa. Hii ni sababu moja iliyofanya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ipite juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, Waingereza walileta maelfu ya wanyama wa kubeba. Wakafa kwa wingi, na nafasi yao ikachukuliwa na binadamu walioandikishwa kwa nguvu. Wapagazi wa upande wa Waingereza walifikia kama milioni moja, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu, kwa hesabu rasmi pekee, ni zaidi ya 90,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imesimama palipokuwa kambi yao. Mgongo wa mnyama ulipokosekana, haukutafutwa utaratibu mwingine. Ulitafutwa mgongo wa mtu asiyeweza kukataa. Anayedhani masilahi ya punda yanashindana na ya hamali aziangalie siku zile. Bei ya kubeba mfuko ikiwa haina sakafu, itamvunja yeyote aliye chini yake, awe na miguu miwili au minne. Kikomo cha kilo kwa punda humpa hamali naye kipimo cha kudai.

Limebaki pingamizi la kifalsafa, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Kumwita punda mfanyakazi, husema wanaolitoa, ni kuupamba utumwa: hakuomba kazi, hawezi kuiacha, hana anachokijua kuhusu mkataba. Hilo siwezi kulikana. Watafiti wa chembe za urithi walionyesha mwaka 2022 kwamba punda wote wa dunia wana asili moja ya kufugwa, Afrika hii ya mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, na hakuna aliyewauliza. Ila swali la leo ni wapi tumrudishe. Punda-mwitu wa Afrika, jamaa wa babu zake, wamebaki mamia machache tu katika majangwa ya Ethiopia na Eritrea, nao wako ukingoni mwa kutoweka. Hakuna pori linalomngoja punda wa Amu. Na kutoweza kutia saini hakumwondolei mtu haki zake: yatima wa miaka miwili hasaini chochote na walii wake, lakini kadhi humfunga walii kwa kila shilingi ya yatima. Kadiri asiyeweza kusema anavyokuwa dhaifu, ndivyo masharti yanavyopaswa kuwa ya wazi zaidi.

Uwazi ndio tulioukosa. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, tangu mwanzo wa uhuru, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zote zinakataza kumtesa mnyama, na ile ya Kenya inataja kumbebesha kupita kiasi. Kiasi gani? Askari aliyesimama gatini hana namna ya kujua, kwa hiyo hamkamati mtu, na mchunga punda hana namna ya kumwambia mwenye kujenga kwamba mfuko wa pili ni marufuku. Neno "kupita kiasi" lisilo na kipimo humlinda aliyeliandika peke yake. Amu ni mahali pazuri pa kuanzia kuweka kipimo, kwa sababu karibu mzigo wote hupita mahali pamoja, gatini, na mizani moja ya kupimia mahindi ingetosha. Mfuko mmoja wa saruji kwa safari, shogi iliyokaguliwa, saa za jua kali zisifanyiwe kazi, maji kwenye ncha zote mbili za njia, na tozo ndogo kwa kila shehena iende kwenye majani na kwenye malezi ya punda waliochoka. Gharama ya kujenga itapanda kidogo. Nyumba nyingi zinazojengwa Shela ni za watu wenye uwezo wa kuilipa, na wale wasio nao, wa Langoni wenye kujenga chumba kimoja kila mwaka, wanaweza kusamehewa tozo bila kumwongezea punda kilo.

Mamlaka ya kufanya hivyo hayako London wala Addis Ababa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, kwa maneno yasiyo na utata. Zuio la Umoja wa Afrika litafika mwisho mwaka 2039. Punda aliyetunzwa huishi miaka 25 na kupita, hivyo aliyezaliwa mwaka lilipopitishwa atakuwa bado na nguvu za kazi siku litakapokwisha, na wanunuzi wa ngozi watakuwa bado wapo. Wenye kuamua ni wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Lamu. Wauandike mzigo wa punda kwa kilo, na walipie mizani.